Visigino vya Mdogo Wangu

Jumanne, 4 Machi

Naandika kwa kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi, kwa sababu mistari ya kalamu ya kawaida inanipotea chini ya balbu. Bora niliseme hapa, maana sijamwambia mtu. Daktari wa macho amenikalisha gizani leo, akanimulika jicho moja moja, akaniuliza kama marehemu baba alikuwa akijikwaa jioni. Nikasema baba alikuwa akijikwaa saa zote, alikuwa mlevi. Hakucheka. Amesema ugonjwa huu huanza kula mwanga hafifu, ukishiba hapo unakula pembeni, na mwisho hubaki katundu kadogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hauna dawa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni fundi viatu.

Mimi ni dereva wa basi la shule.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua: namaliza muhula huu, kisha nitaona. Nitaona, eti. Hata ulimi wangu unanicheka.

Jumapili, 9 Machi

Tumekimbia ile njia ndefu, mimi na mdogo wangu, na sikumbuki lini nimefurahi hivi. Yeye anakaa chini na binti yake, mimi juu, chumba na sebule. Shemeji yuko kwenye ujenzi wa barabara mbali huko, huja mwisho wa mwezi akiwa na vumbi na usingizi. Mdogo wangu anapiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima, na anasema asipokimbia jioni mgongo wake utabaki umejikunja kama mpini wa mwavuli. Amejiandikisha mbio za jiji za mwezi wa Juni.

Tulitoka jua likiwa bado juu ya mapaa. Mtaa wa mafundi cherehani kwanza, mashine zikinguruma milangoni na watu wakitutania kwamba wezi wamepita upande ule, tukaze mwendo. Kisha Bustani ya Chini, mara mbili kuzunguka bwawa, wale bata wakubwa wakitutazama kama wenye nyumba. Halafu zile ngazi ndefu, daraja la juu ya reli, na Bustani ya Juu, ambako miti imepandwa kwa mstari na hewa inanukia majani yaliyokatwa. Pale pumzi hutulia na miguu huenda yenyewe, unasahau una miaka mingapi na unadaiwa nini na dunia. Tukateremka barabara ya hospitali tukicheka kama vichaa, tukazunguka uwanja, tukarudi nyumbani jioni imeingia.

Tangu utotoni tuna sheria yetu. Tulikuwa tukikimbia kwenda shule kabla hakujapambazuka, na anayekuwa mbele huita kila kilichopo chini: shimo, jiwe, dimbwi, mbwa. Wa nyuma hafungui mdomo, anafuata tu. Siku zote wa mbele nilikuwa mimi. Leo, tulipofika daraja la reli na mwanga ukaanza kufifia, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikamwacha apite. Raba zake zina utepe mweupe kwenye visigino. Nikavishika visigino vile kwa macho na sikuviacha mpaka nyumbani.

"Kaka umezeeka," akasema mlangoni, anahema huku anatabasamu. "Leo nimekuacha."

"Nimekuachia," nikasema.

Ametamba jioni nzima. Acha atambe.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la basi linavuja juu ya kiti cha nyuma.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kila siku, na mawingu yanaleta jioni mapema. Asubuhi nako natoka gizani. Nimejifunza kuendesha kwa kichwa. Naijua njia kama meno yangu: tuta la kwanza, kona ya duka la dawa, mti ulioinama, watoto wa ghorofa la kijani. Msaidizi wangu anayefungua mlango, tunamwita Mama Mlango, ana tabia ya kutaja kila kitu kwa sauti, hata asichoulizwa. "Haya, pikipiki huyo. Haya, yule mama na ndoo zake." Zamani alikuwa akinikera hadi meno yananiuma. Siku hizi namnunulia chai.

Jumapili, 23 Machi

Tumekimbia mvuani. Yeye mbele. "Dimbwi. Dimbwi. Nguzo. Dimbwi." Mimi nyuma, visigino viwili vyeupe na dunia nyingine yote tope jeusi. Nilipata raha hata hivyo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na miguu ilikuwa myepesi. Karibu na bwawa akaongeza kasi kunijaribu, nikaongeza na mimi, si kwa ubingwa, ni kwa woga wa kuachwa.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimegonga pipa.

Nitaandika kama lilivyokuwa. Ni siku ya kwaya, watoto hutoka shule wamechelewa. Mvua ilikuwa inamwagika, umeme umekatika mtaa mzima, na waipa ya upande wangu inafuta pale inapotaka. Nilipofika kituo cha kuchukulia wale wa kwaya, nikahesabu kichwani kama kawaida: tuta, kona, nguzo, simama. Nikakata kushoto. Kukawa na kishindo, basi likapanda ukingo wa barabara, na Mama Mlango akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Lilikuwa pipa la taka, lile la bati. Limepondeka kama kopo la maziwa. Nikateremka. Nikauliza, "Watoto wako wapi?"

Hakuna aliyenijibu. Nikauliza tena. Ndipo mpwa wangu, binti wa mdogo wangu, ambaye naye yumo kwenye kwaya, akasema taratibu, "Mjomba, si sisi hawa?" Walikuwa wamesimama ukutani, mbele ya pua yangu, wote, wamevaa makoti yao ya rangi ya kijivu. Kati yao na pipa mtu angeweza kunyoosha mkono akaligusa.

Nilisema ni breki. Nimemwambia msimamizi wa magari ni breki. Fundi amelala chini ya basi saa nzima, akatoka na kusema breki ni nzima, basi akafunga zingine mpya ili asionekane hajui kazi yake. Mama Mlango hakusema neno njia yote ya kurudi. Hata pikipiki hakuzitaja.

Nimeosha vyombo, nimevunja bilauri. Najiambia hakuna aliyeumia, na ni kweli, na haisaidii chochote.

Jumanne, 1 Aprili

Mpwa wangu hapandi tena basi langu. Mama yake anasema mtoto ameanza kunenepa, bora azoee kutembea. Na mvua hii? Nikamwambia asiwe mkali namna hiyo. Akanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Niliingia chooni kwa jirani nikidhani ni kwangu. Tulisalimiana.

Ijumaa, 18 Aprili

Mdogo wangu amebadilika na sijui nimemkosea nini. Zamani tukikimbia alikuwa na maneno kama redio. Sasa anaita tu. "Shimo. Ngazi, kumi na mbili. Ngazi zimeisha." Zamani hakuwa akihesabu ngazi. Tulipofika Bustani ya Juu akasimama ghafla, nikamgonga mgongoni.

"Kaka, una neno?"

"Neno gani?"

"Lolote."

"Nina njaa," nikasema.

Akasubiri kidogo, kisha akaanza tena kukimbia, polepole kuliko kawaida yake. Nadhani anahofia mbio za Juni. Nimeamua kumtia moyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo Mama Mlango amekunywa chai yangu, akarudisha kikombe, akasema, "Baba, mimi nina wajukuu wawili kwenye basi hili. Unalijua hilo, eh?" Nikasema nalijua. Akasema, "Basi vizuri." Kisha akaanza tena kutaja vitu, vyote, hata mawe.

Sikulala vizuri. Niliota kwamba watoto wote wana tepe nyeupe visiginoni.

Jumatano, 30 Aprili

Mdogo wangu yuko hospitalini. Amevunjika mguu, mfupa wa muundi, mahali pawili. Mimi sina hata mchubuko.

Tulitoka jioni, mvua ikiwa imepungua na kubaki manyunyu. Tulikuwa na raha, hilo nitalishikilia. Mafundi cherehani walitushangilia. Kwenye bwawa bata walikuwa wamepanda njiani, tukawakimbiza, au wao walitukimbiza sisi. Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya majuma kumsikia akicheka vile, nikafikiri, basi, yameisha, chochote kilichokuwa.

Tulipofika juu ya daraja la reli akasimama. Taa za barabarani hazikuwaka. Akasema, "Leo tangulia wewe."

Nikasema, "Wewe ndiye una mashindano."

"Nimechoka kuita. Tangulia, kaka. Kama zamani."

Ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wa kutosha, sote tulikuwa tumesimama pale maji yanatuchuruzika puani. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikafikiri, njia hii ninaijua. Nikapiga moyo konde, nikatangulia.

Na nikaita. Aibu yangu iko hapo hasa. Niliita kwa sauti kubwa, kama mwenye macho yake. "Dimbwi," pale ninapolijua dimbwi. "Mzizi." "Nguzo." Bustani ya Juu yote niliivuka hivyo, kwa kichwa, na sikukosea hata mara moja, na nitasema kweli, nilijisikia kijana. Nilimsikia nyuma yangu kwenye bega la kulia, mahali pake pa utotoni. Tukaingia barabara ya hospitali. "Dimbwi," nikaita. "Dimbwi jingine."

Mchana ule walikuwa wamechimba kando ya barabara kuweka bomba. Shimo refu, la kina cha kiuno, limezungushiwa kamba tu, na kamba imelala chini kwenye tope. Mimi nilipita ukingoni, upande wa kushoto, kwa bahati ya mjinga. Nilichosikia ni pumzi yake kukatika, kisha kitu kama kijiti kikavu.

Nilipiga magoti nikapapasa. Nilikuwa namtafuta kwa mikono na yeye yuko pale mbele yangu analia. Walinzi wa hospitali ndio waliokuja na tochi.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda saa ya kuona wagonjwa. Wamemtia plasta mpaka juu ya goti. Nilimpelekea ndizi na nguo safi. Nikaanza kumsimulia kwamba nimewatukana wale wa bomba mpaka msimamizi wao akakimbia, kwamba shimo lile ni uuaji, kwamba hata mwenye macho mazuri angetumbukia.

"Kaka," akasema. "Kaa."

Nikakaa.

"Mimi sikutumbukia kwa sababu ya giza. Mimi naona. Nilikuwa nakuangalia wewe, siyo chini."

"Unaniangalia mimi kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja usimame." Akavuta shuka. "Tangu nikiwa na miaka mitano hujawahi kukubali kukaa nyuma yangu. Leo mwezi wa pili unanikanyaga visigino. Na mwanangu aliniambia habari za pipa. Aliniambia mjomba ameuliza watoto wako wapi, nao wako mbele yake. Mtoto alilia usiku mzima, si kwa woga, anakuonea huruma. Nikasema nisimwaibishe kaka yangu, atasema mwenyewe. Nikakupa nafasi, ukaniambia una njaa. Ndipo nikasema nitamtanguliza mbele. Nikajua hutafika hata kwenye mti wa kwanza kabla hujaniambia."

Nikaanza kumenya ndizi.

"Ukakimbia," akasema. "Ukawa unaita madimbwi. Yale yameshafukiwa kifusi, kaka, tangu wiki jana. Hakuna dimbwi hata moja pale."

Kitanda cha pili mgonjwa alikuwa anakoroma. Nilitazama plasta, nikatazama ndizi. Ndipo hasira ikanipanda, hasira ya mtu aliyeshikwa, nikasema, "Kumbe ndiyo maana ukamtoa mwanao kwenye basi."

"Ndiyo."

"Na wale wengine?"

Akageuza uso ukutani. Muuguzi alipogonga chuma kuashiria muda umekwisha, ndipo akasema, bado anautazama ukuta, "Kila siku nilisema, atasema kesho."

Sikumwambia kama ni kweli au si kweli kuhusu macho. Nilimuaga kwa kumshika mguu ule mzima. Njiani kurudi niliwaza jambo moja tu, na linanitisha kuliko daktari: tulikuwa watu wawili tunaojua, na tumewaacha watoto wa watu kati yetu, kila mmoja anangoja mwenziwe aanze.

Jumatatu, 5 Mei

Nimepeleka funguo za basi kwa msimamizi. Nimemwambia mgongo.

Akasikitika kweli. Akasema madereva kama mimi hawapatikani, nipumzike, kiti changu kitaningoja mpaka mgongo upone. Akanipigapiga mgongoni taratibu, asiniumize. Nikapinda kidogo ili aamini.

Jumatano, 7 Mei

Mdogo wangu amerudi nyumbani. Nimembeba ngazi zile tatu za mlangoni. Nilimwambia nimeacha basi, akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akauliza, "Umewaambia nini?" Nikasema mgongo. Akayafumbua.

Tangu hapo hasemi nami. Mpwa wangu anapeleka ujumbe kutoka jikoni hadi sebuleni. "Mama anasema chumvi iko nyuma yako." Iko nyuma yangu kweli.

Jumanne, 13 Mei

Mvua, lakini ya kuzuga tu.

Jumanne, 20 Mei

Basi limepita leo likiwa na dereva mgeni, anaingiza gia kama anapigana nazo. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara. Watoto wakaniita, "Mjomba! Mgongo umepona?" Nikapunga mkono kwenye sauti. Baadaye kidogo Mama Mlango, ambaye siku hizi hushuka basini kituo cha mbele kununua mkate, alikuja akasimama pembeni yangu. "Baba," akasema, "basi lilikuwa upande ule mwingine." Alininunulia chai.

Msimamizi amepiga simu. Anauliza kama muhula ujao nitakuwa tayari. Nikamwambia tutaangalia.

Jumapili, 1 Juni

Mbio za jiji zimepita mbele ya dirisha letu asubuhi. Mdogo wangu alikaa ametegemeza plasta kwenye kiti, amebandika namba yake kifuani, ile aliyopewa, akawatazama wote mpaka yule wa mwisho, mzee mmoja aliyekuwa anatembea. Akampigia makofi. Kisha akaibandua namba, akaikunja vizuri. Nilikuwa mlangoni. Nilitaka kumwambia neno, nikaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Jumapili, 8 Juni

Wiki nzima bila mvua. Ardhi imekauka, imeanza kupasuka.

Alasiri mdogo wangu alinisemesha kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama na magongo yake chini ya ngazi. "Vaa raba," akasema.

Tulikwenda Bustani ya Chini, polepole, yeye anadunda na magongo, mimi nimembebea mto. Akakaa kwenye benchi la karibu na bwawa, akaweka mguu juu ya mto. "Zunguka bwawa. Mimi nitaita."

"Watu watatucheka."

"Wacheke."

Nikazunguka. Mwanga ulikuwa wa kutosha mwanzoni, na niseme tu ukweli, mwili ulifurahi kama ng'ombe aliyefunguliwa. Zaidi ya mwezi sijakimbia. Upepo, harufu ya maji, bata wakilalamika. Nilizunguka na kuzunguka, yeye akiita kutoka kwenye benchi kwa ile sauti yake ya zamani. "Mzizi kushoto. Baiskeli ya mtoto. Tofali." Mwanga ukaanza kuondoka. Kwanza bata walikwenda, kisha ukingo wa maji, kisha njia yenyewe. Ikabaki sauti tu, na miguu yangu.

"Dimbwi," akaita.

Nikaruka. Nikatua kwenye ardhi kavu, ngumu, mpaka meno yakagongana. Nikaendelea. Nilisubiri acheke, hakucheka.

Mzunguko uliofuata, mahali palepale: "Dimbwi."

Nikaruka tena. Pakavu tena. Nikajua anafanya nini. Nikaenda mzunguko mwingine nikiwa na hasira, nikimtukana moyoni, yeye na plasta yake na ukaidi wake aliourithi kwa baba. Mguu wangu ulijikwaa kwenye ule mzizi alioutaja nami sikuuangalia.

"Dimbwi," akaita, kwa sauti ileile, wala hakuipandisha.

Nikasimama. Nilikuwa natazama chini, pale ambapo miguu yangu inapaswa kuwa, na hapakuwa na miguu. Nilimsikia akisogeza gongo. Hakunihimiza. Nilisimama mpaka jasho likaanza kupoa.

"Silioni," nikasema.

Halikutoka kwa nguvu, nikalirudia. "Mdogo wangu, silioni. Sioni kitu."

Nikasikia anapenga kamasi.

"Halipo," akasema. "Lilikauka zamani. Kesho kamwambie msimamizi hivyohivyo, nami nitakuja na magongo yangu, maana hata mimi nina la kuwaambia. Sasa njoo upande huu, hatua kubwa, njia ni nyeupe."

Nikaifuata sauti yake mpaka goti langu likagusa benchi.